"Jiunge Freemason upate utajiri": Ujumbe huu unavyojificha usionekane utapeli Kanda ya Ziwa

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria hupumzika. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi ikitanda ziwani taa ya mvuvi haina kazi tena. Siku hizo mialo ya Igombe, Kayenze na visiwa vya Ukerewe hujaa vijana waliokaa tu, mfukoni hakuna kitu, na simu ndiyo kijiwe.

Kijana anafungua Facebook kusoma habari ya mpira. Chini ya habari hiyo anakuta komenti ya namna hii: "Nilikuwa napiga debe Buzuruga, leo nina nyumba na gari mbili. Asante mzee wangu uliyeniunganisha na chama. Anayehitaji aje inboksi, ila kama una moyo mwepesi usije."

Hakuna aliyemwambia atume hela. Hakuna aliyetaja bei. Amekuta tu mtu "anashukuru". Ndiyo maana hashtuki.

Komenti hiyo ni tangazo, tena limepangwa kwa akili nyingi. Hivi ndivyo linavyofanya kazi, na hivi ndivyo unavyoweza kulitambua kabla hujalizwa.

KWA NINI HALIONEKANI KAMA UTAPELI

Watanzania wengi wameshazoea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukiiona unacheka, unafuta. Matangazo ya vyama vya siri yamejifunza kutokana na hilo, kwa hiyo yanakwepa kila kitu kinachonuka utapeli.

Kwanza, hayaanzi kwa kuuza. Yanaanza kwa ushuhuda. Mtu anayesema "nunua" unamkwepa, lakini anayesema "nilikuwa kama wewe" unamsikiliza.

Pili, hayakufuati wewe. Yanakaa mahali unapopita mwenyewe: chini ya habari za wasanii, kwenye kurasa za ajira, kwenye magrupu ya kuuza simu na bodaboda. Ukianza wewe kuwatafuta, unaamini umechagua mwenyewe.

Tatu, yanakutisha kidogo. "Usije kama una moyo mwepesi" ni maneno ya kukuvuta. Mtu akiambiwa hawezi, hutaka kuonyesha anaweza.

Nne, yanacheza na herufi. Neno Freemason huandikwa kwa kuchanganya namba na alama, ili mitambo ya Facebook inayosaka ujumbe taka isilinase. Ukiona jina la chama limeandikwa kama neno la siri la simu, jua kuna mtu anakwepa kukamatwa.

Tano, yanakuhamisha haraka. Ukishajibu tu, unaambiwa mwendelee WhatsApp. Huko hakuna mpita njia wa kuandika "jamani huyu tapeli". Unaingizwa kwenye grupu lenye watu wengi wanaopongezana na kurusha picha za mabunda ya noti. Wote hao wanaweza kuwa mtu mmoja mwenye laini kadhaa, na picha zenyewe zimeokotwa kwenye akaunti za watu wengine.

NGAZI ZA HELA

Mazungumzo yakishakolea, inakuja fomu. Inaonekana ya kiofisi kabisa: ina nembo ya bikari na pembemraba, ina nafasi ya jina, mkoa, kazi, jina la mama, namba ya NIDA na picha. Unaulizwa hata unataka utajiri wa kiasi gani na ndani ya siku ngapi.

Baada ya fomu inakuja ada ya usajili. Mara nyingi ni ndogo, kiasi ambacho hata dereva bodaboda wa Igoma anaweza kukikusanya kwa siku chache. Hapo ndipo mtego ulipo. Ukishatoa ya kwanza, ya pili inakuwa rahisi kuidai, kwa sababu hutaki ile ya kwanza ipotee bure.

Kisha zinafuata nyingine: ya pete, ya vazi, ya sadaka, ya kufungua akaunti yako ya chama. Siku ya "kupokea" ikifika unatumiwa picha ya sanduku la fedha lenye jina lako juu, na unaambiwa limekwama forodhani, linahitaji kibali. Kibali nacho kina bei.

Ukianza kuhoji, sauti inabadilika. Yule mzee mpole anakuwa mkali: "Umeshaandikwa kitabuni. Ukirudi nyuma, utapoteza mtu wa nyumbani." Halafu anataja jina la mama yako. Wengi hapa huishiwa nguvu, wakiamini kweli kuna mizimu inayowafuatilia. Kumbe jina la mama waliliandika wenyewe kwenye fomu.

Na tangu mwanzo walishaonywa: usimwambie mtu yeyote. Sharti hilo halilindi siri ya chama chochote. Linamlinda tapeli, kwa sababu mke, kaka au rafiki angesikia habari hiyo angesema papo hapo, "Wewe, unapigwa."

FREEMASON WENYEWE WAKOJE?

Freemason ni chama kilichopo kweli. Loji Kuu ya kwanza iliundwa London tarehe 24 Juni 1717. Afrika Mashariki kina loji zake, na jengo lao Dar es Salaam lipo Barabara ya Sokoine, katikati ya jiji, mahali ambapo watu hupita kila siku.

Mtanzania aliyejulikana zaidi katika chama hicho alikuwa Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyekulia Bukene mkoani Tabora, kwenye reli hiyohiyo inayokuja Mwanza. Aliongoza Freemason wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, alijitokeza wazi kwenye vyombo vya habari kukizungumzia chama chake, na mwaka 2005 alichapisha kitabu cha maisha yake. Alifariki dunia Aprili 2017. Waliokuwa wakitafuta kiongozi wa Freemason Tanzania hawakuhitaji kwenda inboksi.

Miaka ya 2011 na 2012 magazeti ya udaku nchini yalijaa vichwa vya habari kuhusu Freemason. Kila msanii aliyenunua gari alihisiwa, na kila kifo cha ghafla kilitafutiwa maelezo ya kafara. Uvumi huo uliwapa matapeli mtaji wa bure: jina ambalo kila mtu amelisikia, karibu kila mtu analiogopa, na wachache sana wanajua linafanyaje kazi.

Utaratibu halisi ni huu. Anayetaka kujiunga ndiye anayeomba. Hukutana ana kwa ana na wanachama, huhojiwa, kisha wanachama humpigia kura. Anatakiwa kuamini uwepo wa Mungu. Loji zinazofuata utaratibu wa Uingereza huchukua wanaume tu. Mwanachama hulipa ada ya kuingia na ada ya kila mwaka, na huchangia misaada kwa wahitaji. Kwa kifupi, hela inatoka kwa mwanachama kwenda kwenye chama. Hakuna mshahara wa kuwa Freemason.

Mtu anaweza kukipenda au kukipinga chama hicho kwa sababu za imani yake, na mjadala huo upo. Lakini anayekuahidi mamilioni kwa kujaza fomu ya WhatsApp hazungumzi kwa niaba yao.

Na Illuminati je? Kikundi chenye jina hilo kilianzishwa Bavaria, Ujerumani, tarehe 1 Mei 1776 na profesa Adam Weishaupt. Serikali ya huko ilikipiga marufuku, na kabla ya miaka ya 1780 kwisha kilikuwa kimesambaratika. Anayekusajili Illuminati leo kwa njia ya simu anakusajili kwenye kitu kilichokufa zaidi ya miaka 200 iliyopita.

KWA NINI TANGAZO HILI LINASHIKA SANA KANDA YA ZIWA

Uchumi wa huku una bahati nyingi ndani yake. Wavuvi wawili wanatoka mwalo mmoja, nyavu zilezile, usiku uleule. Mmoja anarudi na sangara wakubwa na kuuza mpaka mabondo yao kwa bei nzuri, mwingine anarudi na deni la mafuta ya injini. Geita, wachimbaji wadogo wanashuka mashimo mawili yaliyo jirani. Mmoja anakutana na dhahabu, mwenzake anakutana na mwamba mtupu.

Bahati ikigawanyika hivyo, swali linakuja lenyewe: mwenzangu katumia nini? Ndiyo maana maneno kama ndagu na chuma ulete hayahitaji kufafanuliwa kwenye kijiwe chochote cha Mwanza. Dawa ya biashara na dawa ya mvuto ni mazungumzo ya kawaida kuanzia soko la Mwaloni Kirumba hadi migodini.

Tapeli wa mtandaoni hakuleta imani mpya. Alichofanya ni kuivalisha suti ile ya zamani. Zamani karatasi ilibandikwa kwenye nguzo ya umeme: mganga kutoka mbali, anarudisha mpenzi, anavuta mali, namba hii hapa. Leo karatasi hiyo imehamia kwenye simu na kubadilishwa jina. Wengine wanachanganya vyote viwili: nembo ya Freemason juu, huduma za mganga chini.

PALE HELA INAPOKUWA HASARA NDOGO

Kupoteza laki mbili kunauma. Lakini Kanda ya Ziwa inajua hasara kubwa kuliko hiyo.

Biashara ya kuuza utajiri wa kishirikina imeshaua watu huku. Ripoti zilizotolewa mwaka 2015 zilitaja zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000, wengi wao katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Geita, Simiyu na jirani zake. Chanzo ni uongo uleule: kwamba kiungo cha binadamu kinaleta samaki, dhahabu au ushindi wa uchaguzi. Hakileti.

Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitangaza kufuta vibali vya waganga wa jadi. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na miezi michache baadaye polisi walikuwa wamekamata zaidi ya watu 200 waliokuwa wakifanya kazi hiyo kinyume cha sheria. Lakini Mei 2024, wilayani Muleba mkoani Kagera, mtoto mwenye ualbino ambaye hakuwa amefikisha hata miaka mitatu alichukuliwa kwao. Mwezi uliofuata mwili wake ulipatikana ukiwa umeondolewa viungo. Polisi walitangaza kukamata watuhumiwa tisa, akiwemo mganga wa kienyeji.

Si kila komenti ya Facebook inafika huko. Matapeli wengi wanataka hela tu. Ila kila anayerudia kwamba "utajiri unahitaji kafara" anaendelea kulisha soko ambalo mwisho wake unajulikana. Mtu aliyeshapoteza hela tatu mfululizo, akaambiwa "kilichobaki ni kafara", anaweza akaenda kumtafuta mtu mwingine ambaye hatanii.

Kuna na njia ya pili ya madhara, nayo ni kimya zaidi. Mambo yakikwama, mganga wa simu husema umefungwa na mtu wa karibu. Anaeleza: ni mwanamke, mtu mzima, macho mekundu. Usukumani maelezo hayo yamewagharimu maisha bibi wengi. Macho mekundu ya bibi aliyepika kwa kuni na samadi miaka 50 yanatokana na moshi. Uchawi hauhusiki. Meseji ya namna hiyo inaitwa ramli chonganishi, iwe imetoka kichakani au kwenye WhatsApp.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa udanganyifu wa kutumia kompyuta na simu, taarifa za uongo, na hata kutuma ujumbe ambao mpokeaji hakuuomba. Sheria ya Uchawi, iliyoanza mwaka 1928, bado ipo na inamhusu anayejitapa kuwa na nguvu za kichawi. Tiba asili nayo ina sheria yake ya mwaka 2002 na Baraza lake, na mganga halali anatakiwa kusajiliwa.

Vikundi vya dini na vya kijamii navyo vina mlango wake: husajiliwa na Msajili wa Jumuiya chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hii ina maana moja rahisi. Kikundi cha kiroho kinachofanya kazi kihalali kinaweza kuonyesha karatasi.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Kikundi cha kweli, kiwe cha sala, tafakuri, tiba asili au chama chenye siri zake, nacho kina haki ya kujitangaza mtandaoni. Tofauti yake na tapeli haiko kwenye uzuri wa picha. Iko kwenye majibu ya maswali haya:

1. Mnakutana wapi? Kikundi cha kweli kina mtaa, jengo na siku. Tapeli ana namba tu.

2. Kiongozi wenu ni nani, na naweza kumuona? Jina kamili la mtu anayejulikana mtaani ni kitu kimoja. "Ajenti Mkuu" mwenye picha ya mzungu ni kitu kingine.

3. Mmesajiliwa? Wa kweli hatakasirika ukiuliza.

4. Naweza kumwambia mke wangu au mchungaji au shehe wangu? Hili ndilo swali kubwa. Jibu likiwa hapana, maliza mazungumzo hapohapo.

5. Nikisubiri mwezi mmoja, nafasi itakuwepo? Imani haina ofa ya leo tu. Anayekuambia "mwisho saa sita usiku" anauza kitu.

Wenye vikundi halali nao wana la kujifunza hapa. Kuandika komenti zilezile kwenye kurasa 30, kuwaingiza watu kwenye magrupu bila ruhusa, na kuahidi miujiza yenye tarehe ni njia ya haraka ya kufanana na matapeli. Kuandika jina, mahali na ratiba, kisha kumwacha mtu aamue, kunatosha.

UMESHATUMA HELA? FANYA HAYA

Usione aibu. Aibu ndiyo inayowaweka matapeli mjini, kwa sababu waliolizwa wananyamaza.

Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, mara tu ukigundua. Hela ikiwa bado haijatolewa kwa wakala, kuna nafasi ya kuizuia. Kila dakika ina maana.

Usifute mazungumzo. Piga picha za skrini, hifadhi namba, majina ya waliopokea na kumbukumbu za miamala. Peleka vyote kituo cha polisi.

Ripoti namba ya tapeli kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya taarifa za utapeli wa simu.

Kama ulitoa namba ya NIDA, bonyeza *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafungwe.

Zuia namba zao, na usijibu vitisho. Wanachojua kuhusu familia yako ni kile ulichoandika kwenye fomu. Na akitokea mtu mwingine baada ya wiki, akidai anaweza kukurudishia hela yako kwa ada kidogo, mara nyingi ni walewale wamerudi kwa jina jipya.

Mwisho, kama kwenye mazungumzo hayo kuna mtu ametaja kafara ya binadamu, kiungo cha mtu au mtoto mwenye ualbino, hapo suala si hela yako tena. Piga polisi 112 siku hiyohiyo, hata kama unadhani alikuwa anatania.

Mwezi utafifia, giza litarudi ziwani, na wavuvi watawasha taa zao tena. Kijana wa Igombe atapata tena hela ya kushika mkononi, na meseji ya "mzee wa chama" itakuwa bado ipo kwenye simu ikisubiri jibu. Kabla hajaijibu, amwonyeshe mtu mmoja tu anayemwamini.